Bila kaseti za kunakili, Metallica wangefia gereji ya Norwalk. Bisha kwa hoja

#1 MfugaKaseti
Wakuu, salaam. Naweka hoja mezani, nipigeni kwa ushahidi.

Kilichowatoa Metallica, bendi ya heavy metal ya California, kati ya 1982 na 1984 si ufundi wa gitaa wala koo la mwimbaji wao Hetfield. Ni kaseti moja ya demo, No Life 'til Leather, iliyorekodiwa Julai 1982 studio ya Chateau East, Tustin, California. Nyimbo 7, karibu nusu saa. Haikuwa na lebo, haikuwa na bei. Mashabiki waliinakili wenyewe na kutumiana kwa posta, kutoka California hadi New Jersey hadi Ulaya. Mwanzoni mwa 1983 ikamfikia Jon Zazula, mwenye kibanda cha rekodi kilichoitwa Rock 'n Roll Heaven ndani ya gulio la East Brunswick, New Jersey. Akasikiliza, akawatafuta, akawatumia dola 1,500 za nauli.

Angalieni tarehe. Bendi iliundwa Oktoba 1981. Onyesho la kwanza 14 Machi 1982, Radio City, Anaheim: watu 75, malipo dola 15, na mpiga gitaa Mustaine akakata uzi wimbo wa kwanza tu. Miezi 16 baadaye, 25 Julai 1983, wana albamu sokoni. Hapo katikati sioni redio kubwa wala kampuni kubwa. Naona tepu.

Mwenye maelezo mengine alete.

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Karanga ninazo. Wajuvi wakifika mniamshe.

#3 Dada Ritimu
Tepu haijipigi yenyewe, mkuu.

Mwaka 1982 bendi za Los Angeles zilikuwa na demo kila kona. Mbona zile nyingine hazikuvuka hata mto? Sikiliza mkono wa kulia wa Hetfield. Bendi nyingi za wakati ule zilipiga nyuzi kwa kushuka na kupanda, au ziliachia kodi zilie mpaka zichoke. Huyu anashusha tu, noti kwa noti, huku ubavu wa kiganja umelala kwenye nyuzi pale karibu na daraja la gitaa. Noti inakatwa kabla haijamaliza kulia. Kushusha tu ni kwa Johnny Ramone, huko kwenye punk. Kuziba nyuzi kwa kiganja kulikuwepo tayari kwa Waingereza wa heavy metal. Kuvichanganya viwili hivyo kwa mwendo ule ndiko kulikowafanya watu warudishe tepu nyuma wasikilize tena.

Kwa hiyo posta ilisaidia, lakini ilibeba kitu.

#4 Ngurumo
Mnasahau mji. Metallica ni bendi ya San Francisco. Los Angeles ilikuwa ya nywele na vipodozi. Na ile demo, solo za Kirk ndizo zilizowamaliza watu.

#5 Katibu wa Mtaa
Ngurumo, sentensi nne, makosa mawili.

Bendi ni ya Los Angeles. Lars Ulrich, mpiga dramu Mdenmark aliyehamia Newport Beach na familia yake 1980, alitoa tangazo kwenye gazeti la The Recycler mwaka 1981, na Hetfield wa Downey akajitokeza. Walifanyia mazoezi kwenye nyumba ya wazazi wa mpiga besi Ron McGovney huko Norwalk, ndiyo hiyo gereji ya kichwa cha uzi. Eneo la San Francisco walihamia Februari 1983, wakapanga El Cerrito, ng'ambo ya ghuba.

Solo za demo ni za Dave Mustaine mwanzo mwisho. Wakati huo Kirk Hammett yuko bendi nyingine, Exodus. Aliingia Metallica Aprili 1983.

#6 Ngurumo
Haya Katibu, lakini hujagusa hoja. Los Angeles waliwatazama wamekunja mikono. Walipokwenda The Stone, San Francisco, 18 Septemba 1982, kuziba nafasi ya Cirith Ungol waliojitoa, watu walikuwa wanaimba nao. Mji ndio uliowapokea.

#7 MfugaKaseti
Na hao watu wa San Francisco nyimbo walizijulia wapi, ilhali bendi haijawahi kukanyaga kule? Tepu, mkuu. Umenifungia goli mwenyewe.

#8 Fundi Redio
Ngoja tuingie kwenye tepu zenyewe, maana watu wanatamka "kunakili" kama ni kubonyeza simu mara moja.

Unahitaji deki mbili na waya wa RCA kati yake. Demo ya nusu saa inatosha upande mmoja wa C-60, ila wabadilishanaji walipenda C-90, dakika 45 kila upande, ili upande wa pili wabebe bendi nyingine. C-120 waliikimbia. Utepe wake mwembamba, unavutika, na ukikolea joto unajisokota kwenye roli ya mpira.

Sasa yanayoharibu. Kuna mvumo: kila nakala inaongeza wake juu ya uliorithiwa. Nakala ya nne au ya tano ni kivuli cha kivuli cha kitambulisho, umbo la uso unalo lakini macho huyaoni. Kuna pembe ya hedi, kile kichwa kinachosoma tepu: hedi ya deki moja ikikaa tofauti kidogo na ya nyingine, sauti za juu zinakufa na matoazi ya Lars yanageuka kelele ya mchanga. Dawa yake ni bisibisi ndogo kwenye skrubu iliyo pembeni mwa hedi; unaizungusha kidogo kidogo huku unasikiliza mpaka trebo irudi, halafu unaiacha hapo. Ukizidisha umeharibu deki kwa tepu zako nyingine zote.

Kuna Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo wa tepu. Tepu iliyorekodiwa na Dolby B ukiicheza bila Dolby, trebo inachoma. Isiyorekodiwa nayo ukiicheza na Dolby, inafifia. Wengi hawakuandika kwenye karatasi ya kasha, kwa hiyo anayepokea anabahatisha, na akikosea anahamishia kosa kwenye nakala yake. Hilo halirekebishiki huko mbele. Na kuna swichi ya aina ya tepu: kromu ni mikrosekunde 70, ya kawaida 120. Kosa lake linafanana kabisa na la Dolby, ndiyo maana watu humlaumu asiyehusika.

Mwisho kasi. Kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Deki ikizidi asilimia 3, wimbo mzima unapanda karibu robo toni. Ndiyo maana ubishi kuhusu mwendo wa Hit the Lights ya demo hauishi. Kila mmoja anapima nakala yake.

#9 Waya Mweusi
Fundi, darasa zuri, ahsante. Nyongeza kwenye kasi: deki gani inakimbia ndilo swali. Ya kuchezea ikikimbia, nakala inapanda. Ya kurekodia ikikimbia, nakala ukiicheza kwenye deki nzima inashuka. Ndiyo maana kuna nakala za demo hiyohiyo zilizo juu na zilizo chini.

Kupima ni rahisi. Tyuni gitaa kwa A 440, kisha cheza uzi wa sita wazi pamoja na rifu inayokaa kwenye E. Ukisikia mapigo ya kuyumba, tepu imehama. Bora zaidi chukua toleo la kaseti walilotoa wenyewe 2015, linganisha nalo.

#10 BesiNzito
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni Cliff Burton.

Hetfield na Ulrich walimwona akiwa na bendi yake Trauma, Whisky a Go Go, 1982. Wakasikia solo wakadhani ni gitaa, wakatafuta mpiga gitaa jukwaani, kumbe ni besi. Wakambembeleza. Akakubali kwa sharti moja: nyie ndio mhamie kwetu. Bendi nzima ikafunga virago kumfuata mpiga besi! Onyesho lake la kwanza nao ni 5 Machi 1983, The Stone.

Alichobadilisha kinasikika. Besi yake ni Rickenbacker 4001, anapiga kwa vidole, bila piki, halafu anaipitisha kwenye Big Muff, kanyagio la fazi, na kanyagio la wah la Morley. Anayetaka kuiga ajue tatizo: ukiweka distosheni kwenye besi, sauti za chini kabisa zinamezwa na unabaki na nzi kwenye chupa. Gawa sauti njia mbili. Moja safi, ikatwe juu ya hezi 200 hivi. Ya pili ndiyo ipite kwenye Big Muff, ikatwe chini ya hezi 200. Kisha zichanganye, safi ikizidi kidogo. Na ukiunganisha wah, iweke kabla ya fazi kwanza usikilize, halafu baada. Ni sauti mbili tofauti kabisa.

Kwenye Kill 'Em All jina lake kama mtunzi lipo wimbo mmoja tu, ule wa besi, Anesthesia. Kwenye Ride the Lightning lipo nyimbo 6 kati ya 8. Pigeni hesabu.

#11 Mwana wa Norwalk
McGovney hana mtu humu? Nyumba yake, usafiri wake, yeye ndiye aliyechapisha kadi za bendi akaongeza maneno "Power Metal" chini ya jina, mpaka demo ya Aprili 1982 ikabatizwa hivyo. Malipo yake: Mustaine kummwagia bia kwenye besi. Akaondoka Desemba 1982. Utunzi, sifuri.

#12 Siti ya Mbele
Karanga zimeisha, naagiza nyingine 😂

#13 Mzee Mechanix
Vijana, mmeandika posti kumi na mbili na jina la Mustaine limetajwa kwa solo za demo, kukata uzi na kumwaga bia tu. Aibu.

Kill 'Em All ina nyimbo 10. Nne zina mkono wake kwenye utunzi: The Four Horsemen, Jump in the Fire, Phantom Lord na Metal Militia. Ride the Lightning ameachiwa mbili: wimbo wenye jina la albamu na The Call of Ktulu. Jumla sita, na alifukuzwa 11 Aprili 1983, kabla albamu ya kwanza haijarekodiwa. Walimwamsha asubuhi New York, wakampa tiketi ya basi la Greyhound, siku nne mpaka California. Hammett akaja, na kwenye solo nyingi za Kill 'Em All aliambiwa aanze kama Mustaine alivyoanza. Alizifungua kwa baa za mwenzake, kisha akaenda njia yake.

Anayebisha afanye zoezi hili. Weka The Four Horsemen, dakika 7 na sekunde 13. Kisha weka Mechanix ya 1985 ya Megadeth, bendi aliyoianzisha Mustaine baadaye, dakika 4 na sekunde 20. Rifu ni zilezile. Kilichoongezwa na Metallica ni ile sehemu ya polepole katikati, na mashairi mapya. Mifupa ni ya Mustaine. Hata maneno kati ya nyimbo jukwaani alikuwa anasema yeye, Hetfield alikuwa anaona haya.

#14 Dada Ritimu
Mzee wangu, shikamoo. Sita nimekubali. Ila Hit the Lights, Motorbreath, No Remorse, Seek & Destroy na Whiplash si zake. Motorbreath ni ya Hetfield peke yake. Hit the Lights mizizi yake iko Leather Charm, bendi ya Hetfield kabla Mustaine hajajulikana. Na kama yeye ndiye siri, mbona alipobaki na yote aliyokuwa nayo kichwani, albamu yake ilichelewa hadi Juni 1985?

#15 Mzee Mechanix
Marahaba. Ilichelewa kwa sababu alianza upya na mfuko mtupu. Lebo ilimpa dola 8,000, nyingi zikaishia kwenye ulevi na chakula, prodyuza akaondolewa wakamalizia wenyewe. Hayo ni maisha, si rifu.

#16 Mhasibu
Tusogee kwenye fedha basi, maana huko ndiko majibu huwa yamejificha.

Kwanza demo. No Life 'til Leather ililipiwa na mtu mwenye lebo ndogo ya punk, Kenny Kane, aliyedhani anapata rekodi ya punk. Alipoisikia akaona siyo, wakabaki na tepu. Bila kutoelewana huko hakuna demo ya nyimbo 7 yenye sauti safi. Demo zao za kabla, za Machi na Aprili 1982, hazisogei hata karibu.

Pili Zazula. Alizungusha bendi kwa kampuni, zikakataa. Ndipo yeye na mkewe Marsha wakaanzisha lebo yao, Megaforce, ili kuitoa albamu hii. Gharama karibu dola 15,000. Bendi ilivuka Marekani kwa lori la kukodi la U-Haul, ikaishia kulala Music Building, Jamaica, Queens, kwenye vyumba vya mazoezi walivyokuwamo Anthrax. Jina la awali la albamu lilikuwa na tusi, wasambazaji wakagoma, likageuzwa kuwa Kill 'Em All.

Tatu, ziara. Wiki hiyohiyo albamu ilipotoka, wakaingia barabarani na Raven wa Newcastle mpaka mwanzoni mwa Septemba. Rekodi inauzwa pale bendi inapopiga, usiku uleule.

Kwa hiyo mimi sisemi tepu wala Cliff. Nasema mwenye kibanda aliyekuwa tayari kufilisika.

#17 Msee wa Rongai
Wasee, Kenya tunawasoma. Exodus je? Walianza 1979, Hammett na Tom Hunting, walikuwa na Gary Holt na Paul Baloff, na mashabiki wa kufa mtu. Old Waldorf 29 Novemba 1982 walifungua onyesho la Metallica. Bonded by Blood ilirekodiwa 1984 ikakaa kabatini hadi Aprili 1985. Ikatoka wakati Metallica wako kampuni kubwa ya Elektra tayari. Ingetoka 1983, huu uzi ungekuwa wa Exodus.

Na rifu zao zilihama na Kirk. Ile sehemu ya katikati ya Creeping Death ambapo umati huitikia inatoka Die by His Hand ya Exodus. Trapped Under Ice nayo ina rifu ya Impaler.

#18 Katibu wa Mtaa
Msee yuko sawa. Ongeza Slayer: walijilipia Show No Mercy wenyewe, Desemba 1983. Walikuwa miezi minne na kidogo nyuma tu. Kwa hiyo mbio zilikuwepo, na hakuna aliyekuwa mbele sana.

#19 Chipukizi
Samahani wakuu kwa kutoka nje kidogo. Huo mkono wa kushusha wa posti #3, mtu anaanzaje? Nikifika kasi ya Seek & Destroy mkono unakaza kama kuni.

#20 Dada Ritimu
Haujatoka nje, mdogo wangu, huo ndio uzi wenyewe.

Piki nene, milimita 1 kwenda juu. Nyembamba inapinda na kuchelewa kurudi. Ncha inayochungulia nje ya vidole iwe milimita 3 au 4 tu. Ikizidi inanasa kwenye uzi, na hapo ndipo mkono unaanza kukaza.

Kiganja kilaze pale nyuzi zinapotoka kwenye daraja, si katikati ya pikapu. Ukisogea mbele sana noti inapoteza sauti yake inabaki "tk tk". Ukirudi nyuma sana inalia wazi. Tafuta mahali ambapo bado unaijua ni E.

Metronomu 120, noti mbili kwa kila pigo, kushusha tu, dakika mbili bila kusimama. Pumzika dakika moja. Panda 5. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono. Kiwiko kikianza kusukuma, shuka 10 ukae hapo siku kadhaa. Ukihisi moto kwenye msuli wa mkono ni kawaida, ukihisi maumivu kwenye kano acha siku hiyo.

Kosa kubwa la wengi ni kufanyia mazoezi distosheni ikiwa imejaa. Inaficha kila kitu. Ipunguze mpaka nusu, usikie kila noti isiyotoka.

#21 Nyuzi Sita
Hapo kwenye distosheni nashadidia. Watu wanaweka gaini 10 na kukata sauti za kati mpaka sifuri kisha wanauliza mbona hawasikiki kama Kill 'Em All. Albamu hiyo ina sauti za kati tele. Hetfield alikuwa na ampu ya Marshall iliyofanyiwa marekebisho na gitaa la Electra lenye umbo la Flying V. Kwenye Marshall ya siku hizi anza na gaini 7, besi 4, kati 7, trebo 6. Kanyagio la Tube Screamer mbele yake, draivu karibu na sifuri, sauti ya kutoka juu kabisa. Inabana zile chini zinazovurugika. Ukirekodi, piga ritimu mara mbili kwa kweli, moja kushoto moja kulia. Kunakili faili na kulisogeza si mara mbili, masikio yanajua.

Ile Marshall iliibwa Boston Januari 1984 pamoja na vyombo vingine. Walipofika Copenhagen ilibidi waazime na kujaribu Marshall moja baada ya nyingine. Ndiyo maana Ride the Lightning ni nene zaidi.

#22 Kijiti
Nene kwa sababu ya chumba na mtu, siyo Marshall tu. Kill 'Em All ilirekodiwa 10 hadi 27 Mei 1983, Music America, Rochester, chini ya Paul Curcio. Studio iko chini, dramu za Lars zikawekwa ukumbi mkubwa wa juu. Ukumbi mkubwa kwa nyimbo za kasi ni hatari: mwangwi wa snea moja haujafa, nyingine imeshafika. Sikiliza Metal Militia utanielewa. Suluhisho ni maikrofoni za karibu ziongoze, za ukumbi zifuate kwa mbali.

Copenhagen, Februari na Machi 1984, Sweet Silence, Flemming Rasmussen. Hapo Lars alilazimika kujifunza kuhesabu upya. Alikuwa anaingia kwenye pigo lisilotarajiwa bila kujua kama anafanya hivyo.

#23 Nyuzi Sita
Nikiwa huko Copenhagen: Ride the Lightning iko juu kidogo ya A 440. Ukipiga nayo na gitaa lililotyuniwa sawasawa, unasikika umeshuka. Panda kama senti 20 (senti 100 ni nusu toni) ndipo mkutane.

#24 Waya Mweusi
Kuna wanaosema mashine ya tepu iliharakishwa kidogo wakati wa kuhamisha.

#25 Kijiti
Na kuna wanaosema walityuni kwa sikio kwa kufuata kitu kimoja pale studio, kila mtu akafuata. Ingekuwa mashine, hata dramu zingepanda. Nani kapima dramu?

#26 Waya Mweusi
Dramu huwezi kupima bila kujua zilityuniwa wapi, ndugu yangu. Hapo umepiga ukuta.

#27 Mzee Mechanix
Turudi. Dada Ritimu kasema Whiplash inashushwa yote. Karibu mapigo 200 kwa dakika, noti mbili kila pigo, ni kushusha mara 400 kwa dakika. Vijana wengi wanapandisha kwa siri.

#28 Dada Ritimu
Mzee, Whiplash niliitaja kwenye utunzi tu, si kwenye kushusha. Au unasema Seek & Destroy? Hata hiyo ni Chipukizi aliyeiuliza. Ila nasema sasa: inashushika. Master of Puppets ya 1986 ni 212 na Hetfield anaishusha. Ukipandisha, noti ya pili inakuwa nyepesi kuliko ya kwanza, na rifu inaanza kuchechemea. Rekodi mkono wako na distosheni imezimwa, utaisikia.

#29 BesiNzito
Hakuna aliyemjibu Cliff mpaka sasa. Nimeona.

#30 Mhasibu
Cliff aliikuta demo imeshazunguka, mkuu. Alipopanda jukwaani Machi 1983 Zazula alikuwa ameshaisikia tepu yenye besi ya McGovney.

#31 BesiNzito
Iliyowaleta mlangoni, sawa. Lakini 3 Agosti 1984, Roseland, New York, Michael Alago wa Elektra hakwenda kusikiliza kaseti ya 1982. Alikwenda kuona bendi iliyokuwa na Cliff, wiki moja baada ya Ride the Lightning kutoka. Mkataba ukasainiwa Septemba. Bila ile albamu, Metallica ni Raven tu.

#32 Ngurumo
Raven wamekukosea nini 😅

#33 MfugaKaseti
Nimesoma zote. Mhasibu kanisaidia bila kutaka: huyo mwenye kibanda aliguswa na nini? Na Waingereza mmewaacha nje. Usiku ule wa Anaheim sehemu kubwa ya orodha ilikuwa nyimbo za Diamond Head na wenzao, na hawakuutangazia umati kwamba si zao. Lars alikwenda Uingereza kiangazi cha 1981 kuwafuata, akalala kwao. Anayetaka kusema ni ubunifu mtupu aanzie hapo.

#34 Mwana wa Norwalk
Na kabla ya demo kulikuwa na rekodi halisi, mkuu. Metal Massacre ya Brian Slagel, Juni 1982. Hit the Lights ni wimbo wa mwisho. Lars alileta kaseti dakika za mwisho, ikabidi itafutwe dola 50 hivi papo hapo kuihamishia kwenye rili. Toleo la kwanza utalijua kwa jina: wameandika "Mettallica". Sasa hiyo nayo ni tepu au ni rafiki mwenye lebo?

#35 Katibu wa Mtaa
Kwenye toleo hilo la kwanza kuna gitaa la Lloyd Grant, Mjamaika, na Hetfield anaimba, anapiga ritimu na besi. Toleo la baadaye lina rekodi nyingine, wakiwemo Mustaine na McGovney. Kwa hiyo mwenye sahani asome jalada halafu asikilize besi, majalada yamechanganywa sana mitaani. Na kabla hamjaendelea kugawana sifa kati ya Mustaine, Cliff na Kirk, Lloyd Grant mnamhesabu mwanachama au mgeni mwalikwa?

#36 Siti ya Mbele
Mwanachama. Nabisha na yeyote.